Mwongozo kamili: jinsi ya kumfanya mwenzako asome kitabu ulichokipenda (wa Mbeya, Iringa, Njombe njooni huku)

Ugonile wana Mbeya, kamwene wa Iringa na Njombe. Leo naongelea ile raha ya kumpa mtu kitabu ulichokipenda, halafu baada ya wiki anakupigia simu usiku anakuuliza "hivi huyu baba yake Rosa ana moyo kweli?" na usingizi wote unakuruka, mnaanza kubishana kuhusu watu ambao hawajawahi kuishi ila nyie wawili mnawajua kabisa. Kwangu hakuna raha ya kusoma inayoifikia hiyo. Na huku kwetu watu wanasoma jamani, tena wengi, ila wanasoma kimya kimya, kitabu kikiisha kinarudi kabatini na habari yake inaishia hapo. Tukijaribu kumshirikisha mtu tunamwambia "soma hiki, kizuri sana", anajibu sawa, na hasomi.

Ninachoamini mimi ni kwamba mtu hasomi kitabu kwa sababu umemwambia ni kizuri. Anasoma kwa sababu umemwonyesha pale kilipokushika wewe, na kitabu chenyewe kipo karibu, anaweza kukibeba leo leo. Vyote viwili viwepo. Ukimpa hamu bila kitabu hamu inapoa, ukimpa kitabu bila hamu kinakaa juu ya friji mpaka Krismasi. Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na mtu, kitabu baadaye

Usianze kwa kujiuliza "kitabu gani bora nimewahi kusoma". Anza na mtu mmoja unayemjua. Dada wa saluni pale Mwanjelwa, mwalimu mwenzako Kihesa, mdogo wako anayesubiri matokeo ya form four, mama mkwe Tukuyu. Anapenda kuongelea nini? Anaangalia tamthilia gani jioni? Anakasirishwa na nini? Mtu anayefuatilia kesi na mambo ya upelelezi mpe hadithi ya upelelezi, Kiswahili kinazo za siku nyingi, Mohamed Said Abdulla alianza na mpelelezi wake Bwana Msa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale toka 1960 na bado inasomeka. Mtu aliyelelewa na baba mkali sana mpe Rosa Mistika ya Kezilahabi ya 1971, atakuja na maneno mengi. Mzee anayependa hekima na mafumbo, Shaaban Robert, na hapo anza na kifupi kama Kusadikika, usimbebeshe vitatu kwa mpigo.

Na kiwe kitabu ulichokipenda kweli. Hili nasisitiza kwa sababu kuna vitabu tunavisifia kwa vile tulifundishwa shuleni kwamba ni vikubwa. Ukikisifia kitabu ambacho moyo wako haupo, sauti inakusaliti, mtu anasikia. Kama umependa riwaya ya mapenzi ya kawaida kabisa, sema umependa riwaya ya mapenzi, usione aibu, atakayeisoma atarudi kuomba nyingine na hapo ndo unampeleka mbele taratibu.

Hatua ya 2: Soma huku ukiweka alama

Huwezi kumwonyesha mtu pale kilipokushika kama umeshasahau ni wapi. Kata vipande vyembamba vya karatasi, hata risiti za dukani zinafaa, viweke ndani ya kitabu kama alamisho. Kila ukifika mahali umesimama, umecheka peke yako kwenye daladala, umekasirika au umerudia sentensi mara mbili, weka kipande. Usikunje kona ya ukurasa, kitabu hiki kitapita mikono mingi na kona iliyokunjwa ndo inayoanza kukatika.

Ukimaliza, siku hiyohiyo au kesho yake, kabla hujaanza kingine, chukua daftari la kawaida uandike vitu vichache tu: jina la kitabu na mwandishi, ukurasa mmoja uliokushika kuliko zote na kwa nini, na swali moja ambalo kitabu kimekuachia na hujalijibu. Hilo swali ndo mali. Muhtasari wa hadithi mtu anaupata popote, ila swali lako hana mwingine analo. Mfano ukimaliza Rosa Mistika unaweza kubaki unajiuliza, hivi Zakaria, baba yake Rosa, angekuwa mpole, Rosa angepona? Au dunia aliyokutana nayo ingemfuata tu? Ukimtupia mtu swali kama hilo kabla hajasoma, anasoma akitafuta jibu.

Hatua ya 3: Kukitambulisha, hapa ndo penye kazi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wanapopotezea mzigo.

Angalia utambulisho huu: "Vuta N'kuvute ni riwaya iliyoandikwa na Adam Shafi, ilitoka 1999, inahusu Zanzibar wakati wa ukoloni, mapenzi na harakati za ukombozi, ina dhamira nyingi nzuri na lugha yake ni tamu." Hakuna uongo hapo hata mmoja. Lakini nani atatoka kitandani kwenda kuitafuta? Huo ni mtindo wa majibu ya mtihani, na watu wengi walipomaliza shule waliagana na vitabu kwa sababu ya mtindo huo.

Sasa angalia huu: "Yasmin ni binti mdogo wa Kihindi, ameozwa kwa mwanaume mzima, Bwana Raza. Anamtoroka. Anarudi kwa mjomba wake akitegemea atapokelewa maana ni damu yake, anafungiwa mlango. Anayemfungulia ni rafiki yake, Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo ambaye hana mali yoyote ila ana chumba. Mimi nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikamfikiria nani angenifungulia mlango mimi. Kinachofuata sikwambii, ila kuna mtu anaitwa Denge anakuja."

Umeona tofauti? Kuna mtu mwenye jina, kuna jambo limemkuta, kuna wewe, halafu umenyamaza. Kunyamaza ni muhimu sana. Mwisho usiuguse kabisa, na hata katikati usivuke, simulia kama robo ya kwanza ya kitabu halafu achia hapo, uhondo mwache akaukute mwenyewe. Mtu akikubana "sasa ikawaje?" mwambie njoo uchukue kitabu.

Na ukumbuke hiyo riwaya ilitengenezewa filamu, Amil Shivji aliiongoza ikatoka 2021, kwa hiyo yule anayesema hana muda wa kusoma unaweza kuanza naye kwenye filamu halafu unamwambia kitabuni kuna mengi ambayo filamu haikuyabeba. Hiyo ni njia halali kabisa, wala usimdharau aliyeanza na filamu.

Ukipenda kurekodi vois badala ya kuandika ni vizuri zaidi, sauti inabeba furaha kuliko maandishi. Ila isizidi dakika mbili, bando za watu ni za kuhesabu. Anza na jambo lililomkuta mhusika, jina la kitabu liseme katikati na urudie mwishoni. Usisome kutoka kwenye karatasi, ongea kama unamsimulia mtu mliyepanda naye basi kutoka Makambako. Picha ya jalada ipige mchana karibu na mlango au dirisha, taa ya ndani inafanya jalada ling'ae na maandishi hayaonekani.

Hatua ya 4: Upeleke wapi

Stetasi ya WhatsApp inatosha kuanzia, inakaa masaa 24 halafu inaondoka, kwa hiyo weka jioni watu wakiwa wametulia nyumbani. Kitabu kimoja kwa wiki kinatosha kabisa, ukiweka kila siku watu wanaanza kupitiliza. Mtu akijibu hata kwa emoji moja, mfuate inboksi, muulize "nikuletee?" Usiishie kufurahia emoji.

Ila nje ya simu ndo kuna watu zaidi. Mahali pazuri ni pale watu wanapokaa wakisubiri kitu: saluni, kwa fundi cherehani, foleni ya kliniki, dukani kwako mwenyewe kama una duka. Acha kitabu kimoja mezani kwa dada wa saluni, kwa ruhusa yake, chenye hadithi fupi fupi ili mtu amalize moja wakati anasukwa. Ofisi za walimu nazo nzuri mno. Kwa wale wa vyuo, MUST ya Mbeya, Mkwawa ya Iringa, Chuo Kikuu cha Iringa, nyie mna bahati ya kuwa na watu wengi wa rika moja sehemu moja, kazi yenu ni kuanza tu.

Hatua ya 5: Kuazimisha bila kugombana

Watu wengi wameacha kuazimisha kwa sababu vitabu havirudi. Vinarudi, ukiwa na utaratibu. Daftari moja: jina la kitabu, nani kachukua, tarehe ya kuchukua, tarehe mliyokubaliana. Mwache aandike mwenyewe kwa mkono wake, mtu akiandika mwenyewe anakumbuka. Ndani ya jalada andika jina lako na namba ya simu kwa penseli. Wiki tatu ni muda wa haki kwa riwaya ya kawaida.

Tarehe ikifika usianze na "kitabu changu kiko wapi". Anza na hadithi: "Shikamoo mama, umefika wapi na Yasmin?" Kama amefika mbali atakusimulia, kama hajafungua ataona mwenyewe aibu na utamwambia kwa upole kwamba kuna mwingine anakisubiri, akimaliza huyo kitarudi kwake. Hapo hakuna aliyekosewa heshima.

Kabla hujakiachia kitabu, kivalishe. Mvua za huku mnazijua, Novemba mpaka Aprili, Tukuyu ndo usiseme, na kitabu kikilowana mara moja kurasa zinashikana na ukungu unaingia. Chukua karatasi ngumu ya kalenda ya mwaka uliopita, ilaze uso chini, weka kitabu kikiwa wazi juu yake, acha kama vidole vitatu kila upande halafu ukate. Kunja juu na chini kwanza ili ilingane na urefu wa kitabu, kisha ingiza majalada kwenye mikunjo ya pembeni. Juu yake valisha nailoni ngumu ile ya madaftari. Selotepu ishike karatasi kwa karatasi au nailoni kwa nailoni, isiguse jalada lenyewe kamwe, maana siku ya kubandua inaondoka na rangi. Mgongoni andika jina la kitabu kwa maka pen. Dakika kumi hivi umemaliza, na kitabu kinaweza kuzunguka miaka.

Kikirudi kimelowana pamoja na hayo yote, usikianike juani, kinajikunja. Weka tishu au karatasi nyeupe katikati ya kurasa, kisimamishe sehemu yenye hewa, badilisha karatasi zikishalowa, kikikaribia kukauka kilaze chini ya kitu kizito.

Hatua ya 6: Vitabu vyenyewe vinapatikana wapi

Mbeya na Iringa kuna maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na inashangaza watu wangapi wanapita nje kila siku hawajawahi kuingia. Ingia, uliza utaratibu wa uanachama, uliza rafu ya fasihi ya Kiswahili iko wapi. Kule utakuta vitabu ambavyo madukani havipo tena. Mitumba ya vitabu nayo ipo sokoni, pembeni ya wauza daftari na vitabu vya shule, pitia bila haraka, fungua kila kimoja uhakikishe kurasa hazijachomolewa hasa mwanzo na mwisho.

Vipya vingi vinatoka Dar. Ongea na duka au mchapishaji moja kwa moja, kijumuishe na vya wenzako ili mlipie mzigo mmoja wa basi. Mfano Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya kitabu cha Abdulrazak Gurnah, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Hicho mkichanga watu wanne mnakipata na kinawazungukia wote, na kusoma hadithi ya pwani yetu ya zamani kwa Kiswahili ikiwa imeandikwa na mtu aliyezaliwa Zanzibar, jamani, tafuteni tu.

Kuhusu zile PDF zinazorushwa kwenye magrupu: usirushe. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999, lakini hata bila sheria, mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache sana na kila PDF ni mtu ambaye hatanunua. Kunukuu sentensi mbili tatu ukataja kitabu na mwandishi hakuna shida. Kupiga picha sura nzima ni kitu kingine.

Hatua ya 7: Mkutane

Mkishakuwa watu wanne au watano mliosoma kitabu kimoja, kaeni pamoja. Msisubiri wafike ishirini. Wakizidi nane wapole hawaongei tena.

Jumapili saa tisa mchana inawafaa wengi, ibada zimeisha na bado kuna mwanga. Juni na Julai kaeni ndani, baridi ya Mbeya haina rafiki, chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha vinatosha, na mchango uwe mdogo ili asiyekuwa na hela asijifiche. Angalieni pia msimu: Novemba na Desemba watu wako mashambani na mvua zimeanza, chagueni hadithi fupi. Januari ada za shule zimewabana wote, msipange kununua kitabu kipya, azimeni maktaba. Tarehe 7 Julai nawashauri muifanye siku yenu kubwa, ni Saba Saba watu hawaendi kazini na UNESCO iliipitisha kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, toka 2022 inaadhimishwa.

Mkikaa, usianze na "haya, nani aseme dhamira". Anza kwa kila mmoja kusoma kwa sauti ule ukurasa wake aliouwekea alama. Tu. Utashangaa, kila mtu amechagua tofauti na tayari mna maongezi ya saa nzima. Mkubwa wa umri asianze yeye, kwa heshima zetu akishasema mzee vijana wanakubali tu, kwa hiyo mwombeni mapema kwa adabu afunge mazungumzo. Na asiyemaliza kitabu aje vilevile, ila akubali kusikia mwisho.

Kuna raha nyingine ya pekee, kusoma kitabu halafu kwenda mahali pake. Wana Iringa, someni Mukwava wa Uhehe, tamthilia ya Mulokozi, gaweni wahusika, kila mtu asome sehemu yake kwa sauti, halafu siku nyingine nendeni Kalenga kwenye makumbusho, pale lilipo fuvu la Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa 1954 kutoka Ujerumani. Mtu aliyekwisha kuzisema sauti za wale wahusika akisimama pale anatazama kwa macho mengine kabisa. Wa Songea nao wana Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya vita vya Majimaji, na Makumbusho ya Majimaji yako mjini kwao.

Hatua ya 8: Ukiwa hujakipenda

Sema. Ukisifia kila kitu, baada ya muda sifa zako hazina uzito. Ila sema kwa haki: kimekushinda wapi, ukurasa wa ngapi, kwa nini, na ni nani anaweza kukipenda. Nagona ya Kezilahabi kwa mfano ni fupi lakini ni ngumu, haina hadithi ya kufuata kama Rosa Mistika, mtu aliyependa ile ya kwanza akipewa hii bila kuandaliwa anaweza kudhani yeye ndo hajui kusoma. Mwambie mapema: hii soma polepole, usitafute nani kafanya nini, na ukichoka iweke. Mwandishi aliye hai usimtukane mtandaoni, mkosoe kitabu, yeye mwache.

Hatua ya 9: Mzunguko wa miji

Grupu la Mbeya likishasimama, tafuteni wenzenu Iringa, Njombe au Mafinga mbadilishane. Kila mji una vitabu vitano, baada ya miezi miwili vinahama. Mabasi ya barabara kuu yanapita kila siku, gharama ya kifurushi kidogo ni ya kuchangia watu watano bila maumivu. Funga vitabu kwenye nailoni kwanza halafu ndo boksi, viwe vimebana visicheze, andika jina na simu ya mpokeaji pande mbili za boksi, piga picha risiti na namba ya basi umtumie. Mpokeaji awe mtu anayeishi karibu na stendi, isiwe mzigo unalala ofisini siku nne. Na ndani ya kila kitabu acheni zile karatasi za alama zilivyo, kila mmoja aandike jina lake kwenye kipande chake, ili mtu wa Njombe akifika ukurasa uleule aone kuna mtu Uyole alisimama hapo kabla yake, na namba ya grupu ipo nyuma ya jalada akitaka kumtafuta.